Ngoma ya Manipur haina njuga?

Mpiga_Ngoma_Kisesa:
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya majembe, tangu utotoni, jembe nimelirusha kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora mpaka viganja vikaota sugu. Juzi kijana wangu kanionyesha video ya ngoma za Manipur, India. Mwanamume kavaa kilemba cheupe, ngoma inaning'inia shingoni, anaruka, anazunguka hewani, na hakosi pigo hata moja! Huyo nimemvulia kofia. Halafu wakaingia akina dada: sketi ngumu kama pipa, shela jepesi usoni, miguu kimya. Njuga hakuna. Ngoma gani hiyo?

Binti_Nyamagana:
Shikamoo mzee. Nilisoma India, chumba kimoja na dada Mmeitei, kabila la huko Manipur, wa mji wa Imphal. Mrukaji wako anacheza pung cholom. Pung ndiyo hiyo ngoma yake. Sketi za pipa ni za Ras Lila, mchezo wa mungu Krishna na mpenzi wake Radha ulioanzishwa na mfalme Bhagyachandra mwaka 1779. Ile ni ibada. Mguu unashuka taratibu kama wa mama aliyemlaza mtoto sasa hivi, njuga zingeharibu.

Ila ya kale zaidi ni Lai Haraoba. Makuhani wanawake, maibi, huanzia majini: wanakwenda ukingoni kuiita miungu itoke, ndipo watu wacheze. Kule Moirang, kando ya ziwa Loktak, humchezea mungu wao Thangjing, na humo humo wanacheza kisa cha Khamba, yatima maskini, na Thoibi, binti wa ukoo wa kifalme.

Mpiga_Ngoma_Kisesa:
Wanaanzia ziwani! Marehemu bibi yangu wa Ukerewe angewaelewa bila mkalimani. Na vijana hawana ya kujirusha tu?

Binti_Nyamagana:
Wanayo, thabal chongba, ya mbalamwezi, msimu wa sikukuu yao ya Yaoshang. Wavulana na wasichana wanashikana mikono, duara linazunguka. Mwenzangu alikuwa akiiongelea huku anacheka peke yake, sikumuuliza zaidi.

Mzee_wa_Igogo:
Wewe wa Kisesa, wigashe yetu Wasukuma inachezwa watu wameketi. Njuga zinalia wapi hapo? Au nayo si ngoma?

Mpiga_Ngoma_Kisesa:
Umenipata, mzee. Wabeja, asante. Jumapili najaribu ule mruko, ila ngoma yangu hata kuibeba ni watu wawili.