Tabo ya 1HD-T: fundi anataka kuniwekea feni ya gari nyingine kwa bushi ya shaba

Vumbi_80
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser HDJ80, injini 1HD-T, tabo yake (turbo, pampu ya hewa ya injini inayozungushwa na moshi) ni CT26. Hozi ya ekliina (chujio la hewa) ilichanika njia ya Loliondo nikaendesha siku mbili bila kujua, vumbi likapita, sasa mapanga ya feni ya upande wa hewa yamelika ncha. Upande wa moshi mzima, shafti haichezi.

Feni yake nimeitafuta Arusha na Moshi, hakuna. Jamaa wa Sharjah kanitumia ya tabo ya Mitsubishi, kubwa kidogo. Fundi anasema atakereza hausingi (gamba) ya hewa feni iingie, na kwa kuwa tundu la feni ni pana kuliko shafti, atabana na bushi (pete ya kujaza nafasi) ya shaba. Laki moja na nusu kazi yote. Nimpe?

Dereva Mstaafu
Chukua tabo ya Mchina, funga, endelea na safari. Hayo mengine ni kutafuta presha.

Mzee Kereza
Usimpe. Nimekaa kwenye mashine ya kukereza tangu CT26 zikiwa mpya, na hiyo bushi naijua.

Kuchanganya kwenyewe si kosa. CT26 imefungwa kwenye Supra ya injini 7M-GTE na Celica ya injini 3S-GTE pia, na wenye magari hayo huzitia feni kubwa miaka yote. Tatizo lako ni tundu. Feni hushika kwenye shafti kwa kukaza, ikae katikati kabisa. Tabo inavuka mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, gramu moja iliyokaa sentimita mbili nje ya katikati inavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 220. Sasa bushi iliyokerezwa kwa macho, na shaba inavyotanuka ikipata moto… beringi itaondoka kwanza, halafu feni inagusa ukuta, halafu vipande vya alumini vinaelekea kwenye silinda.

Tafuta feni yenye tundu la shafti yako. Ukiipata, hausingi ikerezwe kufuata umbo la mapanga, si kupanuliwa tu. Nafasi pale haifiki hata milimita moja. Shafti na feni vikabalansiwe pamoja, viwekewe alama, na nati irudi palepale. Hapo ndipo pesa inapokwenda, usipunguze. Na ukishafungua, weka thrasti beringi (ile inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma) ya duara zima, nyuzi 360, maana ya kiwandani ni 270.

Halafu hewa peke yake haikupi nguvu. Utaongeza dizeli kwenye pampu, joto la moshi litapanda, na 1HD-T za mwanzo tayari zina sifa mbaya ya beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki). Umezibadilisha?

Vumbi_80
Shikamoo mzee. Za konrodi sijawahi hata kuzifungua, gari nililikuta hivyo.

Leo nimekwenda na kalipa (kipimio) ya kuazima. Bushi ilikuwa tayari imeshakerezwa, fundi hakunisubiri. Nimeivalisha kwenye shafti, nikaichezesha kwa kidole: inagonga. Yeye anasema itakaza ikipata moto.

Mzee Kereza
Marahaba. Chukua tabo yako uondoke nayo leo leo, bushi mwachie. Na uvute sampu (bakuli la oili chini ya injini), tuone hizo za konrodi.

Dereva Mstaafu
Mchina bado yupo dukani lakini.