Tagi za elki Idaho kwa kura: nani kapata, nani kakosa?

Kigoma_Boise
Wadau, habari zenu. Zamani asiye mkazi wa jimbo hili la Idaho, Marekani, akitaka tagi (kibali cha kuwinda mnyama mmoja) ya elki, yule kulungu mkubwa wa huku, alikuwa anakaa mbele ya kompyuta mwanzoni mwa Desemba, anapewa namba ya foleni, zamu ikifika anachagua kanda ya kuwindia, anachagua tagi A (hasa ya upinde) au B (hasa ya bunduki), analipa, kwisha. Kuanzia msimu wa 2026 ni kura: unaomba, unasubiri. Sisi wakazi kanda nyingi tunanunua kama kawaida. Mimi naona ni haki. Oktoba iliyopita nimefika mwisho wa barabara ya msituni saa kumi alfajiri, nimekuta magari kumi na moja yamepanga mstari, namba za majimbo ya watu. Elki wote wamehamia ng'ambo ya mlima. Wageni wamezidi. Mnasemaje?

Msafiri_SLC
Kaka, haki ya nani? Mimi niko Salt Lake City, jimbo jirani la Utah, saa tano tu kwa gari mpaka kwako. Foleni ilikuwa na adha zake, siitetei, lakini siku ile ile nilijua nimepata nini na nimekosa nini, na nilichagua katika zilizobaki. Sasa leseni ya uwindaji lazima uwe nayo kwanza, karibu dola 185, na ukikosa kura hairudi. Tagi yenyewe 650 na ushee. Wewe hulipi hata 40. Halafu kazini likizo tunaandikisha mapema. Unaandikishaje wiki ya kuwinda na tagi huna? Safari hii nimeomba kanda nisiyoipenda, msitu mzito, elki wa kutafuta kwa tochi, kwa kuwa nilihisi waombaji watakuwa wachache.

Denver254
Hii yote imeanzia kwetu Colorado. Hadi 2024 mtu wa nje aliweza kuingia dukani akanunua tagi ya elki ya upinde bila kuomba popote. 2025 wakafunga, sasa ni kura. Wale watu hawakuacha kuwinda, walihamia kwenu Idaho. Ukiziba hapa, maji yanatokea pale.

Mwana_Uvira
Mimi nimesoma mpaka "wageni wamezidi", nikasimama hapo. Kaka Kigoma, wewe Idaho umefika lini? Kanuni inakuita mkazi baada ya miezi sita. Miezi sita! Na jana tu ulikuwa unauliza namna ya kuwasha hita.

Kigoma_Boise
Usinitafute ubaya, ndugu. Mgeni ni asiye mkazi, ndivyo sheria inavyomgawa. Sikumtukana mtu. Hita nimeuliza 2014.

Mama_Zawadi
Basi sema "wasio wakazi", mambo yaishe. Jamani, turudi kwenye swali. Mimi sishiki bunduki, ila ninajua friza yangu. Elki mmoja akishatolewa mifupa ni kilo mia hivi za nyama, watoto watano wanakula hadi Pasaka. Mume wangu alikuwa anachagua tagi B, ya bunduki, siku chache za Oktoba. Mwaka jana kachukua A, upinde, Septemba, madume wanapolia. Sababu ni msongamano huo huo anaousema Kigoma. Mwaka mzima anafyatulia mshale gunia la nguo kuukuu nyuma ya nyumba. Kwa hiyo kweli nafasi imepungua, mkazi naye anabadilika.

Mzee_TwinFalls
Mmesahau mbwa mwitu wanaokula elki. Waliletwa kutoka Kanada 1995 na 1996. Zamani kule kanda ya Lolo, hapa hapa Idaho, elki walikuwa kama kumbikumbi.

Mwana_Uvira
Mama, shikamoo, na ninakuheshimu, lakini halijaisha. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huko huko Kigoma kwao. Kutoka kambini kwenda kutafuta kuni ulihitaji kibali. Mama yangu amerudishwa njiani na kuni kichwani akiambiwa "nyie wageni mnamaliza msitu wetu". Neno lile lile, sauti ile ile. Leo tumekutana Idaho, sote tumekuja kwa ndege, mmoja anamwambia mwenzake msitu umejaa wageni. Kama ni ugeni, waulizeni Nez Perce, wenyeji wa asili wa huku. Haki yao ya kuwinda imeandikwa kwenye mkataba wa 1855, kabla hakujawa na jimbo linaloitwa Idaho.

Denver254
Hapo umegonga, lakini unachanganya mambo mawili. Tagi si uraia. Mkazi anatunza wanyama hawa mwaka mzima, analipa kodi jimboni.

Msafiri_SLC
Anatunza kwa dola 40? Aliyelipa 650 ndiye anayeendesha idara ya wanyamapori. Na afadhali Idaho, kura haina pointi za kulimbikiza kila ukikosa, wa leo na wa miaka ishirini wanaingia sawa. Nendeni jimbo la Wyoming: asiye mkazi analipa 692, au akiwa nazo anaweka 1,950 aingie fungu la kura la wanaolipa zaidi. Huko fukara anachaguliwa jimbo na mfuko wake.

Kigoma_Boise
Mwana_Uvira, habari ya mama nimeisoma mara mbili. Pole. Mimi sikuwa yule askari wa njiani, lakini nilikuwa mtoto wa Kasulu, wilaya yenye kambi hiyo, na neno hilo nililisikia nyumbani kwetu. Nimelitumia bila kufikiri. Kuhusu magari kumi na moja sirudi nyuma.

Mwana_Uvira
Nimekusikia. Hata mimi sirudi nyuma.

Msafiri_SLC
Majibu yangu yametoka: nimekosa. Hata ile kanda ya msitu mzito.

Kigoma_Boise
Dah. Pole, kaka. Wiki ya likizo uliandikisha?

Msafiri_SLC
Niliandikisha. Ya pili ya Oktoba.

Kigoma_Boise
Basi njoo bila bunduki. Kubeba nyama hakuhitaji tagi. Mwaka juzi nimeangusha jike jua likizama, nikakata vile vipembe viwili vya tarehe na mwezi kwenye tagi kwa kisu, vidole vimekufa ganzi hata kamba ya kuifungia sikuiona. Mapaja mawili nimebeba peke yangu usiku, safari mbili, theluji magotini. Nikikupa paja moja la nyuma mgongoni utalifikisha?

Msafiri_SLC
Nitalifikisha. Viatu vyangu vinavuja, una namba 43?

Mama_Zawadi
Ya mume wangu ni 43. Pitieni kwangu kwanza mle.