Nimeandika riwaya ya kuchekesha ya upelelezi, sasa mtaani wananinunia. Nifanyeje?

Mchonga Ngalawa (mleta mada)
Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni ushauri, usingizi umenipaa.

Nimeandika riwaya ya upelelezi ya kuchekesha. Mahali ni mji mdogo wa pwani mkoani Tanga, jina nimelibadilisha. Wavuvi wanaamka na kukuta mashine ya mashua ya kikundi imeibwa. Mpelelezi wangu ni mzee muuza kahawa. Hana bunduki wala gari, ana dele na vikombe vyake, na wezi anawajua kwa kuangalia nani ghafla ameanza kuwalipia wenzake kahawa. Sura ninayoipenda, anauliza barazani nani kaiba mashine, wanasimama watu watatu, kila mmoja anakiri wizi mwingine: mmoja kuku, mmoja nazi, wa tatu kanga ya shemeji yake iliyokuwa imeanikwa.

Nilirusha sura za mwanzo kwenye kundi la WhatsApp la mtaani. Walicheka sana, halafu ikaanza kununiana. Swali langu ni moja tu: niihamishie hadithi mji mwingine, au nibadilishe majina?

Kobe wa Msambweni
Huo mji una mto, kivuko na boma la zamani?

Mchonga Ngalawa
Vyote vimo mkuu.

Kobe wa Msambweni
Basi ni Pangani. Umefuta jina ukaacha kivuko cha kuvukia Bweni, umeficha nini sasa?

Kiko na Kofia
Acha mji ulivyo. Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi wake Bwana Msa kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale*, 1960, hakuogopa kumweka Unguja, na ndiyo maana ukisoma unajihisi uko kule. Upelelezi usio na mahali unabaki kitendawili. Ila kwa Pangani mimi ningeandika habari za Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani wakamnyonga hapo hapo Desemba 1889. Mashine ya boti nani atainunulia kitabu?

Mkwezi
Mimi naomba sura ya kanga tu. Shemeji alijua?

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mwanangu, kwetu lilipotea sufuria kubwa la shughuli, mali ya chama chetu cha akina mama. Aliyechukua tulimjua, ila ni jirani, utamwendea na uso gani? Siku ya harusi ya mtoto wa mwenzetu tukatunga mashairi ya mafumbo, mwizi wa sufuria anapika nini peke yake. Tuliimba tukimpa mgongo. Hakungoja pilau. Alfajiri sufuria likakutwa kibarazani kwa mwenyekiti, limesuguliwa linang'aa kuliko lilivyoondoka. Na huyo bibi arusi sasa ana watoto wanne, mashallah.

Mchonga Ngalawa
Mama yangu, umenipa moyo. Hicho ndicho ninachokisema mimi!

Wakili wa Kijiweni
Unakisema wapi? Hapo juu umeuliza majina tu. Sikiliza mkuu, kubadili jina hakukukingi kama wasomaji wanamtambua mhusika. Anaweza kukudai kwa kashfa. Ukijitetea kwamba ni kweli, itabidi uthibitishe, na la kwanza utakaloulizwa ni umejuaje. Hebu sema, anayenuna ni nani hasa?

Mchonga Ngalawa
Mwizi wa kuku hanuni, anajitangaza mwenyewe kwamba ndiye yeye. Anayenuna zaidi ni mtu mmoja, na watoto wake wanamfuata.

Wakili wa Kijiweni
Nani?

Mchonga Ngalawa
Mjomba wangu.

Sawa, niseme. Mashine iliibwa kweli na mpaka leo haijapatikana. Mwizi wa kwenye kitabu anaburuta kandambili ya kushoto, na kila akisema neno anamalizia na "au nimekosea?" Mjomba ndivyo alivyo. Ni mweka hazina wa kikundi. Ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya baba kufariki.

Kabla hamjanirukia, sikuandika kwa chuki. Nimemwandika ukimsoma unampenda. Nataka acheke, aone haya kidogo, airudishe mwenyewe bila pingu wala kelele. Polisi siendi. Na nimeshafika mbali: ISBN nimechukua Maktaba Kuu, mchapaji nimempa malipo ya awali, jalada limechorwa.

Ustadhi Mnyenyekevu
Kwa hiyo ushauri unaomba wa nini na uamuzi unao? Wenzako wamekatiwa riziki, wewe unawatungia vichekesho. Wanaendaje baharini sasa?

Mchonga Ngalawa
Kwa tanga na makasia. Hawafiki mbali, wanarudi na changu wadogo na tasi, bei mnadani unaijua. Inaniuma, ustadhi, ndiyo maana nimeandika.

Fundi Mashine
Wakuu, hii ni chai. Leteni mihogo.

Nimetengeneza mashine za boti ukanda huu tangu ujana wangu. Umesema ni mashua ya kikundi, basi mashine si chini ya nguvu farasi 40. Hiyo inapita kilo 70. Sasa huyo mzee wa kandambili aliifungua usiku, akaibeba peke yake kwenye mchanga, mguu unazama mpaka kifundo? Na ID yako ni ya wiki hii. Una kitabu cha kuuza, unatupimia soko hapa.

Mkwezi
Nilijua tu. Kitabu bei gani?

Kobe wa Msambweni
Tumelishwa sura ya kwanza bure. Moderata, uhamishe uzi huu jukwaa la matangazo.

Mchonga Ngalawa
Sikusema alikuwa peke yake.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mwanangu. Alikuwa na nani?

Mchonga Ngalawa
Na mimi.

Aliniamsha usiku, akasema inapelekwa kwa fundi Tanga, gari litapita alfajiri. Yeye ni kiongozi wa kikundi, ningemuulizaje? Tulipitisha mti wa mkoko kwenye kamba, tukaiweka begani, mimi mbele yeye nyuma, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Mafuta yalikuwa yananidondokea shingoni. Juu tukaipakia kwenye mkokoteni tukaifunika makuti. Asubuhi ukapigwa ukunga pwani, nikamtazama, akasema mbele ya watu wote, "Kuna binadamu hawana haya, au nimekosea?" Maneno hayo nimeyaweka kitabuni kama yalivyo. Kundi zima lilicheka kasoro yeye.

Mkwezi
Dah. Pole mkuu. Nafuta la bei.

Wakili wa Kijiweni
Basi usichape hata ukurasa. Hicho ni kitabu kwako, kwa mpelelezi ni maelezo ya mtu aliyekuwepo. Tafuta wakili ukae naye ana kwa ana, na usiandike zaidi hapa.

Mchonga Ngalawa
Nisipochapa nitakaa kimya mpaka lini? Kumwambia usoni siwezi, nimejaribu, maneno yanakwama. Kwa kuandika naweza.

Kiko na Kofia
Nina swali la kitabu tu. Kijana aliyebeba mti upande wa mbele yumo?

Mchonga Ngalawa
Nilimtoa. Kwenye kitabu mwizi ana punda.

Kiko na Kofia
Mrudishe kijana. Mjomba wako anajua hakukuwa na punda, ndiyo maana hacheki. Anasoma anaona wewe umejitoa, yeye umemwacha.

Ustadhi Mnyenyekevu
Hapo naunga mkono. Na kitabu hakivui samaki, mashine ndiyo inavua.

Fundi Mashine
Nimesoma ya mti na kamba. Ndivyo inavyobebwa. Samahani mdogo wangu.

Iko wapi sasa, na ilisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuwekwa?

Mchonga Ngalawa
Iko bandani, shambani kwake. Hajapata wa kumuuzia, kila mtu anaijua. Imekaa tangu kabla ya Ramadhani. Haikusuuzwa.

Fundi Mashine
Basi chumvi inaila hivi tunavyoandika. Ukingoja kitabu kitoke, pistoni zitakuwa zimeshika na wenzako watarudishiwa chuma chakavu. Mwambie mjomba kuna fundi anataka kuitazama, basi, usiongeze neno. Nitakuja na spana zangu, nitaanza na yeye, mimi si mpwa wake. Njoo inboksi unielekeze.

Mchonga Ngalawa
Nimekuja, fundi.