Kundi la simu la Familia Katuba, Lubumbashi: usisaini kwanza

Mama Mukubwa: Jambo bote. Trésor alirudi mapema leo, hata bukari (ugali) hakugusa. Kuna nini kule kazini?

Trésor: Jambo Mama Mukubwa. Wamenitoa. Shefu aliniita ofisini akanipa karatasi iliyokwisha kupigwa mashine: mimi Trésor naacha kazi kwa hiari yangu. Jina lipo, tarehe ipo, pamebaki pa kusaini tu. Nisiposaini, anasema, hanipi mshahara wa mwezi huu.

Papa Mudogo: Saini baba, uchukue feza yako. Kampuni za mine (migodi) haziwezekani. Kesho nitaenda kumulomba yule shefu, ni muntu wa kwetu.

Yaya Béa: Papa Mudogo, samahani sana, hapa nakataa. Trésor, ulisaini?

Trésor: Bado. Nilisema nitaisoma nyumbani.

Yaya Béa: Mungu asifiwe! Ukisaini ile, umesema wewe ndiye umeacha, na preavi, zile siku za taarifa kabla ya kuachishwa, imepotea. Kodi ya kazi, yaani sheria ya kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002, inataka anayevunja kontra (mkataba) aandike barua, na akiwa mwajiri ataje sababu. Kukuita ofisini na kukutisha si barua. Kontra yako ni ya muda gani?

Trésor: Sikupewa karatasi yoyote. Miaka minne imetimia.

Yaya Béa: Pasipo karatasi, sheria inahesabu kwamba kontra haina mwisho, mpaka mwajiri athibitishe vingine. Sasa hesabu preavi: siku 14 za kazi, ongeza 7 kwa kila mwaka uliotimia. Kwako ni 42. Hizo ndizo wanazozikimbia! Labda wathibitishe kosa kubwa, na kosa hawajataja.

Shemeji Patrick: Ushahidi je?

Trésor: Nina badge. Mshahara unaingia kwa simu, meseji zote ninazo. Na zile za shefu za kuniita zamu ya usiku.

Yaya Béa: Usifute hata moja. Badge ipige picha mbele na nyuma leo hii, kabla hawajaichukua. Na kesho ufike getini kama kawaida, wasije wakasema umekimbia kazi. Wakikuzuia, andika saa na jina la mlinzi.

Mama Mukubwa: Kuna avoka (wakili) mumoja anakaa mbele ya tribunali (mahakama). Anaomba dola 200 kwanza.

Yaya Béa: Hapana Mama, tusianzie hapo. Tribunali ya kazi haipokei shauri ambalo halijapita kwa inspekta wa kazi, ofisa wa serikali. Inspekta anaita kampuni, mnakaa meza moja. Mkipatana anaandika, msipopatana anaandika vilevile, na kwa karatasi hiyo ndipo mnafungua shauri. Huyo bwana wa dola 200, ulizeni kama jina lake liko kwenye orodha ya baro, chama cha mawakili. Avoka wa kweli hachukii kuulizwa. Na asiye na uwezo, baro ina ofisi ya ushauri wa bure, tuanze kubisha huko.

Papa Mudogo: Basi niende naye kwa inspekta, nimusemee.

Yaya Béa: Uende Papa, ukae karibu yake, atapata nguvu. Ila aseme mwenyewe. Wataulizia zamu, malipo, nani alikuwa ofisini siku ile. Wewe hukuwepo.

Trésor: Yaya, Kifaransa changu mbele ya wakubwa…

Yaya Béa: Sema Kiswahili, mdogo wangu! Inspekta wa Lubumbashi anakisikia, na katiba imekiweka kati ya lugha nne za taifa. Usiku huu andika tarehe zote kwenye daftari, uende nalo. Wala tusikawie: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja, mengine mengi ya kontra miaka mitatu. Tunawajua watu waliokaa kungoja waitwe tena mpaka mwaka ukapita.

Papa Mudogo: Nimesikia. Akitoka getini anikute nyumbani. Feza ya bisi juu yangu.

Trésor: Shefu anapiga simu sasa hivi.

Yaya Béa: Usipokee. Mwandikie: "Karatasi sikuisaini. Sijaacha kazi. Naomba barua yenye sababu."

Trésor: Nimetuma. Ameisoma, hajajibu.

Shemeji Patrick: Piga picha na hiyo.