Laini tatu, mnara mmoja, jenereta moja isiyo na dizeli: watu wa Kibosho tumechoka

Ndugu wanajamvi,

Jumatano iliyopita usiku mti uliangukia nyaya za umeme huku kwetu Kibosho, Kilimanjaro, na kabla ya saa sita simu zetu zote zilikuwa hazina mtandao. Nasema zote kwa makusudi. Nyumbani tuna laini za kampuni tatu, na tulizinunua hivyo ili moja ikikata nyingine itufae, lakini zilipotea zote kwa dakika zilezile. Saa saba jirani yetu, mama mtu mzima mwenye pumu, alibanwa kifua, na kijana wake akalazimika kukimbia kwa miguu kwenye giza na matope hadi barabarani kutafuta gari, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumpigia dereva yeyote. Alifikishwa hospitali alfajiri. Yu hai, tunamshukuru Mungu.

Asubuhi nilikwenda mnarani. Mlinzi alinieleza kwamba kampuni zote tatu zimefunga vifaa vyao pale, zinategemea betri zilezile, na jenereta ni moja, ambayo iliishiwa dizeli wiki iliyotangulia. Nikapiga huduma kwa wateja: wa kwanza akasema mnara si wao, wa pili akanielekeza kwa mwenye mnara, wa tatu akanishauri nizime simu niiwashe tena.

Sipingi kampuni kutumia mnara mmoja, kwani kunapunguza gharama. Ninachopinga ni kugawana kodi ya mnara huku jukumu la kuuweka hai likikosa mwenyewe. Tangu 2017 tunaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Nihamie wapi, ikiwa wote wananing'inia kwenye betri moja? Ni kosa lilelile tuliloliona Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja karibu na Afrika Kusini na intaneti ikayumba nchi nzima. Akiba inayopita njia moja na kile inachokilinda si akiba.

Wenzetu wamejifunza. Julai 8, 2022 mtandao wa kampuni ya simu ya Rogers ulizimika Kanada, zaidi ya watu milioni 12 wakaathirika, na wengine wakashindwa kupiga hata namba ya dharura. Serikali ilizipa kampuni siku 60, na Septemba mwaka huohuo zikatia saini makubaliano ya kusaidiana, ikiwemo kupokea wateja wa mwenzao aliyezimika.

Nataka hilo hapa: betri na jenereta zinazogharamiwa kwa pamoja, saa za chini za kuhimili giza ziandikwe kwenye leseni, mtu mmoja anayewajibika kwa dizeli, na mnara wa jirani upokee simu ya dharura ya laini yoyote.

Walioko Machame, Marangu na Old Moshi, andikeni hapa chini tarehe na saa mtandao ulipokatika kwenu. Barua ya malalamiko nimeshaianza, na nitaipeleka Ijumaa ikiwa na orodha hiyo.