Jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazazi: ni mgahawa gani wa Lubumbashi unaofaa?

Kifungua mimba wa Kampemba (muulizaji):

Ndugu zangu wa Lubumbashi, salamu kwenu nyote. Mwishoni mwa mwezi wa Novemba wazazi wetu wanatimiza miaka 50 ya ndoa, nasi watoto tumekubaliana kwamba baada ya Misa ya shukrani katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, siku ya Jumamosi asubuhi, tutawapeleka mahali pazuri wale chakula cha mchana pamoja na ndugu wa karibu. Tutakuwa watu wapatao thelathini: wajukuu, mashemeji, wazee wawili watatu waliofanya kazi na baba Gécamines, kampuni ya migodi, na wajomba watakaotoka Kasenga kwa ajili ya siku hiyo.

Tumekwama kwenye kuchagua mahali. Wadogo zangu wanataka bustani, maua na picha nzuri. Baba anasema popote tutakapoamua ataridhika. Mama amesema jambo moja tu: hataki kuketishwa mbele ya sahani asiyoijua siku ya sherehe yake mwenyewe. Anataka bukari (ugali) ya moto, samaki mzima, sombe (majani ya muhogo) iliyoiva vizuri na, ikiwezekana, vinkubala, wale viwavi wanaoliwa. Goti lake pia linamsumbua, kwa hiyo ngazi nyingi hatuziwezi.

Nimeshatazama kurasa nyingi za migahawa kwenye Facebook, lakini picha zinaonyesha viti na taa tu, hazisemi kama chakula kilifika mezani kikiwa cha moto. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: mnapendekeza wapi, na mtu anapimaje mahali kabla ya kuwakabidhi siku kama hii ambayo hairudi?

Yaya wa Golf:

Hongera sana kwa wazazi, mdogo wangu. Miaka 50 si haba, na ninyi watoto mmefanya vema kuliwaza jambo hili mapema.

Kwa kundi la watu thelathini lenye wazee, mimi ningeanza na hoteli kubwa. Grand Karavia, kando ya ziwa karibu na uwanja wa golfu, ina nafasi pana na mandhari ambayo wadogo zako wanaitafuta kwa ajili ya picha. Park Hotel iko katikati ya mji, kwa hiyo baada ya Misa hamtazunguka sana na magari, na jengo lenyewe ni la enzi za ukoloni. Mzee aliyeujua mji huu ungali ukiitwa Élisabethville atakuwa na mengi ya kuwasimulia wajukuu akiwa pale. Faida nyingine ya hoteli ni jenereta. Umeme ukikatika saa saba mchana, wageni wenu hawatajua.

Novemba ni mwezi wa mvua, tena mvua yetu hupenda kushuka alasiri, wakati wageni ndio wanaanza kunyanyuka kwa hotuba. Bustani isiyo na paa la kukimbilia lenye nafasi ya watu wote thelathini, mkiwa mmeketi, msiikubali hata kama ni nzuri namna gani.

Mtoto wa Kamalondo:

Yaya amesema kweli kuhusu nafasi na mvua, lakini naomba nimtetee mama. Sherehe ni yake. Katika hoteli kubwa utapata kuku wa kuchoma, wali na viazi vya kukaanga bila shida, lakini bukari na sombe mara nyingi huwekwa pembeni kama kitu cha kumridhisha mgeni, si chakula ambacho jiko linajivunia. Wanaopika vyakula hivi kila siku ni akina mama wa migahawa midogo ya mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya na Katuba. Sisemi malewa, vile vibanda vya chakula vya kando ya barabara. Nasema ile migahawa yenye ua, meza safi na mapipa ya maji ya kunawia, ambako familia nzima huenda Jumapili.

Namna yangu ya kupima ni kwenda mchana wa Jumapili na kutazama ni nani wanaokula. Ukiona bibi wenye umri wa mama yako wameketi, wamekunja vitenge vyao vizuri na wanakula kwa mkono bila haraka, hapo pana mpishi. Ukiona vijana peke yao na chupa za bia ya Simba mezani, hapo watu wamefuata muziki na michopo (nyama ya kuchoma). Ni mahali pazuri pa jioni ya marafiki, lakini kwa jubilei hapafai.

Kama mtachagua Kamalondo, ulizeni kwanza kama timu ya mpira ya Mazembe inacheza nyumbani siku hiyo. Njia za kuelekea uwanjani hujaa mapema, na wazee wenu watakaa garini wakati chakula kinapoa.

Nilikuwa jikoni:

Nimepika miaka mingi katika hoteli na migahawa ya mji huu, kwa hiyo ndugu muulizaji aniruhusu nieleze jambo ambalo mgeni aliye mezani halioni. Swali la mama yenu ni gumu kuliko linavyoonekana, maana kumpikia mtu mmoja bukari nzuri na kuwapikia watu thelathini kwa wakati mmoja ni kazi mbili tofauti.

Bukari haipendi kungoja. Ikisongwa yote kwa mara moja, kisha ikawekwa kwenye vyombo vya kupashia moto vya karamu ya kujihudumia, haichukui muda mrefu kabla uso wake haujakauka na kufanya ganda, huku chini ikitoa maji. Jiko linalojua kazi yake husonga sufuria ndogo mbili au tatu kwa kufuatana, hutoa donge la kila mtu, hulifunga kwa plastiki nyembamba na kuliweka kwenye chombo cha kutunza joto, ili lifike mezani wageni wakiwa wameshanawa mikono na mboga ikiwa tayari mbele yao. Mgeni anapolifungua, mvuke unapaswa kutoka. Kwa hiyo mkienda kuzungumza na meneja, msimuulize kama wana bukari, kwa sababu atajibu ndiyo. Muulizeni ni nani atakayeisonga siku hiyo, ataanza saa ngapi, na ataifikishaje mezani. Akisita, ombeni kuonana na mpishi mwenyewe. Mwambieni pia unga mnaoutaka, kwa kuwa wazee wengine hawakubali mahindi matupu bila kuchanganywa na muhogo, na wengine hawakubali mchanganyiko hata kidogo.

Kuhusu samaki, nawasihi msikubali samaki mzima awekwe kwenye karamu ya kujihudumia. Mgeni wa tano akishamgeuza kwa kijiko, wa sita anakuta miiba. Aagizwe kwa sahani, kila mtu wake, na ukubwa ukubaliwe mapema. Samaki wengi wanaoliwa mjini hapa ni wa barafu, na sehemu kubwa huingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Si wabaya wakitunzwa vizuri, lakini mteja anayelipia samaki mbichi ana haki ya kuambiwa ukweli. Siku mtakayokwenda kuonja, ombeni kumwona kabla hajakaangwa: jicho lake liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, na mkimbonyeza kwa kidole nyama irudi. Ziko jikoni zinazokubali mteja alete samaki wake na kulipia mapishi tu. Kwa kuwa wajomba wanatoka Kasenga, ulizeni kuhusu hilo. Pale ni mtoni Luapula, na makobo aliyesafirishwa usiku kwenye sanduku la barafu hadi asubuhi ya sherehe ni zawadi ambayo mama yenu ataielewa bila kuelezwa.

Vinkubala havina shida, kwa kuwa hutunzwa vikiwa vikavu. Lazima tu viloweshwe na kuoshwa maji mengi hadi mchanga uishe, kabla ya kukaangwa na nyanya na kitunguu. Onjeni kijiko kimoja. Meno yakigusa mchanga, ondokeni na mtafute mahali pengine, kwa sababu jiko lisiloosha vinkubala haliwezi kuosha sombe.

Mwisho wa yote, kila kitu kiandikwe. Bei ya kila mtu iandikwe kama imejumlisha kodi ya TVA ya 16% au bado, maana kwa watu thelathini tofauti hiyo inanunua keki na zaidi. Iandikwe kama mtalipa kwa dola au kwa faranga, na kama ni faranga, kwa kiwango cha siku gani. Iandikwe pia kama mnaruhusiwa kuleta keki na vinywaji kutoka nje, na ada yake ni kiasi gani. Arubuni msiitoe bila risiti yenye tarehe, saa na idadi ya watu. Tena mwisho wa mwezi watu wamepokea mshahara na arusi ni nyingi Jumamosi. Mahali palipowaahidi kwa mdomo panaweza kuwapa wengine meza zenu, nanyi mtabaki mlangoni na wazee waliovaa suti.

Baba wa Ruashi:

Mimi nauliza kwa heshima: kwa nini msifanye nyumbani? Kodisheni hema na viti, tafuteni akina mama watatu wanaopika kwenye arusi, na mama atakula anachokitaka, kwenye ua wake, bila ngazi na bila TVA. Wajomba wakitaka kulala baada ya chakula, vyumba vipo.

Mama wa Katuba:

Baba wa Ruashi, nakuheshimu, lakini katika jambo hili sikubaliani nawe hata kidogo. Sherehe ya nyumbani ina maana kwamba mabinti na wakamwana wataamka saa tisa za usiku kutwanga sombe, watakosa Misa, na watakula wamesimama jikoni wakati wengine wanapiga picha. Mama mwenyewe hataketi. Mwanamke aliyelisha watu kwa miaka 50 hawezi kusikia sufuria ikilia jikoni kwake akabaki kitini. Kumtoa nyumbani ndiko kumpumzisha.

Kwako kifungua mimba, nakuongezea mambo ya heshima ambayo mgahawa hauyajui usipoyasema. Maji ya kunawa yawe ya vuguvugu na yaletwe mezani kwa wazee, wasisimamishwe kwenye foleni ya bomba. Wazazi na wajomba wapewe chakula kwanza, kabla ya watoto, na meza yao isiwe karibu na spika za muziki. Tafadhali pia, hotuba ziwe kabla ya chakula na ziwe fupi, au ziwe baada ya chakula kabisa. Zikikatiza katikati, yote aliyoyaeleza yule mpishi kuhusu bukari yatapotea bure.

Mjukuu wa Kasenga:

Nimesoma neno Kasenga na nimeshindwa kupita bila kuandika. Wajomba wenu, kama ni watu wazima, watakuwa wamewakuta au kusikia habari za Wagiriki waliofanya biashara ya samaki kule na kuulisha mji huu enzi za ukoloni. Klabu ya Wagiriki ya hapa Lubumbashi, Cercle Hellénique, ina mgahawa wake. Sisemi kwamba ndipo mama atakapopata sombe. Lakini kama mnafikiria mlo wa pili mdogo, tuseme Ijumaa jioni, baba na wajomba na rafiki zake wa kazini peke yao, wapelekeni pale. Hadithi za Luapula hazitaisha hadi mfukuzwe.

Kifungua mimba wa Kampemba (muulizaji):

Ndugu zangu, asanteni kwa moyo wote. Nimewasomea wadogo zangu majibu haya jana jioni. Yule aliyekuwa anang'ang'ania bustani ndiye aliyesema kwamba tuanze na sahani ya mama, kisha bustani itafutwe kwa ajili ya picha tu, baada ya Misa na kabla ya chakula.

Tumeamua kuchagua mahali pawili, mgahawa mmoja wa Kamalondo wenye ua uliofunikwa na hoteli moja ya katikati ya mji, na kwenda kula pote pawili mchana wa Jumamosi, saa ileile ya karamu, tukiwa pamoja na mama. Yeye ndiye atakayetoa hukumu. Kuhusu makobo, mjomba amekubali kwa furaha hata kabla sijamaliza sentensi. Ijumaa ya Wagiriki baba ameipokea kwa namna ambayo sikuitarajia: ameshaanza kuwapigia simu wenzake.

Nina swali moja la mwisho kwa ndugu aliyekuwa jikoni. Mama amekumbuka bowa (uyoga), na anauliza kama vinaweza kuwekwa kwenye orodha ya vyakula kwa mwezi huo.

Nilikuwa jikoni:

Bowa ni vya mvua, haviahidiwi. Mvua zikitangulia vizuri, wauzaji watakuwa wamejipanga kando ya barabara za kutoka mjini, na mpishi atavipata asubuhi ileile; zikichelewa, ataletewa vilivyolala, na hivyo havifai kupewa mzee. Viandikwe kwenye mkataba kama nyongeza itakayolipiwa vikipatikana, na msiondoe mboga nyingine kwa sababu yake. Tena mwachieni mpishi avinunue mwenyewe kwa muuzaji anayemjua, msimpelekee vyenu.