Kitambi, presha 150/95 na goti linagoma: nianzie wapi wakuu?

Mzee wa Vitambaa:
Wakuu habari za majukumu. Nina miaka 43, kilo 96, urefu mita 1.72, nauza vitambaa Kariakoo kwa hiyo kutwa nzima ni kiti, nanyanyuka mteja akija basi. Juzi nilipita famasi moja kuchukua dawa ya mafua ya mtoto, dada wa pale akasema kaka ngoja nikupime presha, ikasoma 150/95, akaniambia hii unatakiwa uanze dawa na vidonge akavitoa hapohapo. Nikamwambia nitarudi. Ila nilikuwa nimetoka kubeba majora juani na kahawa ya kijiweni nimeshapiga, sijui kama ina uhusiano. Halafu nimejiunga na jimu ya mtaani kwetu Mbagala, ticha anasema niache ugali na wali kabisa, asubuhi maji ya ndimu, na nipige sitapu nyingi kitambi kitaondoka chenyewe. Nikajaribu na jogingi, goti la kulia likaanza kuuma nikaacha. Msosi wangu asubuhi chai ya vijiko vitatu na chapati mbili, mchana wali maharage na soda kwa mama ntilie, jioni chai tena dukani, usiku nafika home saa tatu nakula ugali dagaa nalala. Pombe na sigara situmii. Naombeni ushauri, wenye matusi wapite kushoto.

Bonge Mstaafu:
Ticha yuko sahihi mkuu, ugali ndo adui namba moja. Mimi niliacha ugali, wali, chapati, vyote, suruali zote zikawa zinanidondoka. Acha na hutajuta.

Nesi wa Zamu:
Kaka pole, tuanze na presha kwanza maana kitambi hakikimbii. Hicho kipimo kisikutishe na pia usikipuuze. Kupima sawasawa unakaa umetulia kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda unafungwa kwenye ngozi sio juu ya shati, na nusu saa kabla ya kupimwa uwe hujanywa kahawa, hujavuta sigara wala kufanya kazi nzito. Na kuongea unapopimwa hapana, watu wengi wanapiga stori na mpimaji huku mashine inasoma. Wewe ulikuwa na kahawa, jua na mzigo, yote matatu. Nenda zahanati au kituo cha afya upimwe siku mbili tofauti, ikiwa inarudi 140/90 au zaidi hapo ndo tunaongelea presha, na waambie wakucheki na sukari kabla hujala pamoja na mkojo kuangalia figo. Vidonge vya kupewa dirishani bila historia yako usimeze, lakini daktari akikuandikia meza, na presha ikishuka usiache mwenyewe eti nimepona, imeshuka kwa sababu unameza. Siku ukiona imefika 180/120 na kifua kinabana, pumzi inakata, macho hayaoni vizuri au upande mmoja wa mwili umelegea, hapo sio pa kuuliza mtandaoni, ni hospitali muda huohuo.

Mama Wawili:
Shemeji mimi nimekaa nikahesabu sukari yako tu. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, chai mbili za vijiko vitatu ni gramu 24, soda ya chupa ndogo ina kama 35, jumla unakaribia 60 na hujagusa hata andazi. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima isizidi kama 50 na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Sasa unaacha ugali wa watu halafu soda unaibakiza pale pale?? Cha pili chumvi, kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai hakijai, na hapo ndani ni ile ya kwenye mboga, ya kwenye mkate na zile kyubu za kuongezea ladha ambazo karibu nusu yake ni chumvi tupu. Nyumbani kwangu kyubu nimezifukuza, natia tangawizi, kitunguu swaumu, pilipili hoho na ndimu, wiki ya kwanza walinung'unika sasa hivi hata hawakumbuki. Dagaa wakiwa wa chumvi mwambie wifi awaloweke amwage maji. Kwa mama ntilie nako sema dada nipunguzie wali niongezee mchicha na maharage, wala hakatai, mboga ni rahisi kuliko mchele anafurahi mwenyewe 😂

Kocha wa Asubuhi:
Sitapu haziondoi kitambi wakuu, zinakaza misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe mwili unayatoa unapotaka wenyewe. Kwa 96 na 1.72 uwiano wako wa uzito kwa urefu (BMI) unakuja kama 32, na ukivuka 30 goti linabeba mzigo hasa ukitua kwenye lami na raba za fasheni. Anza kutembea haraka, ile unaongea lakini kuimba huwezi, nusu saa siku tano kwa wiki unapata zile dakika 150 zinazoshauriwa. Shuka kituo kimoja kabla, ghorofa za Kariakoo achana na lifti (goti likiuma kwenye ngazi zisubiri kwanza). Siku mbili kwa wiki weka nguvu, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, pushapu za ukutani, maana baada ya umri wa miaka 30 misuli inaanza kupungua taratibu na mapaja yakiwa dhaifu ndo goti linapiga kelele. Goti likivimba au likishindwa kubeba uzito nenda likaangaliwe. Jumapili njoo daraja la Tanzanite asubuhi, wenye vitambi tuko wengi huwezi kuona aibu.

Bonge Mstaafu:
Sawa lakini mimi ilinisaidia bana.

Nesi wa Zamu:
Ilikusaidia kwa sababu ulikula kidogo kuliko mwanzo, sio kwa sababu ugali una sumu. Mtu wa kipato chetu akiacha ugali, wali na chapati kwa mpigo anashinda njaa wiki mbili, ya tatu anaparamia chipsi mayai usiku. Kaka Vitambaa wewe sogea kwenye dona badala ya sembe, ina pumba na kiini kwa hiyo unashiba mapema, kata ukubwa wa tonge, na nusu ya sahani iwe mboga za majani. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, anayekuahidi zaidi ya hapo ana kitu anauza.

Mzee wa Vitambaa:
Dah nimewasoma wote, asanteni sana. Badala ya soda nimeanza leo kunywa maji, kichwa kinaniuma kidogo ila poa. Zahanati naenda Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua duka. Swali moja Nesi, nikinunua mashine ya kwangu ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono inafaa? Ni ndogo inaingia hata kwenye droo.

Nesi wa Zamu:
Chukua ya mkono wa juu, ya kifundoni inadanganya kirahisi ukikaa vibaya. Na mwambie muuzaji akupime mkono kabla hujalipa, mtu mnene akifungwa mkanda mdogo namba zinapanda bure. Inawezekana na pale famasi ulifungwa wa size ya kawaida.

Mama Wawili:
Na mzee wa kahawa mwambie akuwekee ile ndogo 😂